Majina Yaliyomezwa na Gundi

Nimelisikia mara nyingi dai kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya vitu vya ufundi. Mara ya mwisho nililisikia katika warsha moja ya walimu. Mtoa mada, kijana msomi mwenye adabu na sauti nzuri, alitueleza kuwa kwa kitu chochote kinachounga vitu viwili kwa kunata tunalo neno moja tu, gundi, nalo tumelikopa. Kwa hiyo, akasema, hatuna budi kukopa tena, tuseme adhesivu. Wenzangu waliliandika neno hilo madaftarini. Mimi niliyestaafu sina tena daftari la kumwonyesha mkaguzi, nikabaki nikihesabu vidoleni: utomvu, ulimbo, sherizi, sandarusi, lakiri, nta, ambo. Vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Ni kweli kwamba gundi ni neno la kukopa. Asili yake ni Bara Hindi, ambako jina hilo ni la utomvu mkavu wa miti ya jamii ya mgunga. Sherizi nayo ina nasaba ya Uajemi na Uarabuni. Wakongwe wa kamusi waliiandika pia sherisi. Lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mhuri barua na vifurushi, imekuja kwa njia hiyohiyo ya bahari. Sandarusi ni jina la Kiarabu, lakini kitu chenyewe ni chetu kabisa: ni utomvu wa msandarusi, mti wa pwani, unaoganda ukawa kama kioo cha rangi ya asali, na ulio bora ni ule uliozikwa mchangani kwa karne nyingi ukachimbuliwa. Katika karne ya 19 Wamarekani wa Salem waliununua Zanzibar shehena kwa shehena ili wapikie vanishi ya samani na magari ya farasi, nao wakaleta nguo za merikani na bunduki. Waliobaki ni wenyeji: utomvu ni maji ya mti wowote yanatayo, ulimbo ni utomvu uliopikwa kwa ajili ya kunasia ndege, nta ni ya nyuki, na ambo, ambalo nitalirudia, ni kila kinatacho.

Naomba msomaji azingatie kwamba maneno haya si visawe. Kila jina linakueleza kitu kimetoka wapi na kitafanya nini. Ukimwambia mtu “lete ulimbo” hataleta lakiri. Ukimwambia “lete gundi” ataleta chochote chenye kifuniko.

Nilisomea ualimu mjini Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na maduka yalikuwa matupu kiasi ambacho vijana wa leo hudhani tunatia chumvi. Sabuni ilikuwa ya foleni. Gundi ya dukani ilikuwa hadithi. Hata hivyo tulitakiwa kutengeneza zana za kufundishia, na mkufunzi wetu hakuukubali udhuru. Alitufundisha kupika gundi ya wanga kwa unga wa muhogo. Unga kiganja kimoja unakorogwa kwanza kwa maji ya baridi hadi mabonge yaishe, ndipo maji ya moto yanamiminwa kidogokidogo huku mkono hausimami, mpaka ule weupe wa maziwa ugeuke ukapenya mwanga. Hapo umeiva. Ukiuachia moto zaidi unakuwa ugali, na ugali nao uliunga chati nyingi nchini humu, tusiudharau. Aliyekuwa na shabu alitia chembe ili ukungu usiingie upesi. Mende hawakuijali shabu. Ramani yangu ya Afrika waliianza Rasi ya Tumaini Jema, na likizo ilipokwisha walikuwa wamefika Zambezi.

Mkufunzi yule hakuiita gundi. Aliiita ambo la wanga. Sisi tulicheka, tukidhani ni lafudhi ya kwao.

Nilipohamishiwa Mbeya nilipanga nyumba jirani na karakana ya mzee mmoja seremala, si mbali na Mwanjelwa. Alikuwa amejifunza kazi akiwa kijana kwa mafundi wa misheni wilayani Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, na alikuwa na vyombo ambavyo wenzake walikwisha kuviacha: randa za mbao, jiliwa la skrubu ya mti, na sufuria mbili, ndogo ikikaa ndani ya kubwa. Hizo sufuria ndizo zilizonivuta, au niseme harufu yake ndiyo iliyonivuta, kwa sababu hakuna ukuta wa kuizuia. Ndani mlikuwa na sherizi.

Nimeitazama ikitengenezwa mara nyingi, na kwa kuwa siku hizi haitengenezwi, nitaieleza. Vipande vya ngozi mbichi na kano, mabaki ya machinjioni, vinalowekwa katika maji ya chokaa hadi nywele na mafuta vitoke. Vinaoshwa sana. Kisha vinawekwa kwenye maji juu ya moto mdogo, kwa saa nyingi, bila kuyaacha yatokote. Mchuzi unaopatikana unachujwa kwa kitambaa, unamiminwa kwenye sinia, unaganda kama mchuzi wa kongoro uliolala usiku kucha. Huo unakatwa vipande na kuanikwa juu ya wavu mpaka viwe vigumu, vyekundu, vya kugonganishwa vikalia kama pembe. Sherizi kavu hukaa miaka na miaka bila kuharibika. Siku ya kazi fundi huiloweka usiku, asubuhi huipasha ndani ya ile sufuria ndogo inayozungukwa na maji ya sufuria kubwa, ili moto usiiguse moja kwa moja. Nyuzi kama 60 hivi zinatosha. “Ikichemka imekufa,” mzee alikuwa akisema, na kweli ikichemka nguvu yake hupungua sana.

Shida yake hapa kwetu ni baridi. Sherizi hushika kwa kupoa kwanza na kukauka baadaye, na Mbeya ya mwezi wa saba haimpi fundi nafasi: ukiipaka, kabla hujautia ulimi wa ubao kwenye tundu lake, imekwisha kuganda juu kama utando wa maziwa. Kwa hiyo mzee alizianika mbao juani, au alizipasha kando ya moto, na baada ya kipupwe kuingia hakuunga kitu kabla ya saa nne asubuhi. Mvua nayo ni adui wa pili. Mtu wa Tukuyu, kwa mvua zile, akiacha meza barazani atalikuta juu lake limeachana na miguu. Sisemi basi kwamba kila cha kale ni bora. Kwa mlango unaopigwa na mvua, ile gundi nyeupe ya dukani, au hata ya kisasa zaidi, ina haki yake.

Lakini sherizi ina tabia moja ambayo nyingine hazina, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Inafunguka. Ukitia maji ya moto na kisu chembamba kwenye kiungo, ukasubiri, kinaachia bila kuuvunja ubao. Siku moja nilimwuliza mzee kwa nini asitumie kitu kisichofunguka, kiti kikadumu. Aliendelea kupiga randa, kisha akanijibu: “Mwalimu, kiti nimekiunga, sikukifunga jela. Kesho mguu utavunjika, na fundi mwingine atataka kuingia. Aingilie wapi?”

Niliposikia hivyo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, aliyeishi Usangu, na bunduki yake ambayo sisi wajukuu wa kike hatukuruhusiwa kuigusa. Hapa pia lugha yetu ilikuwa tajiri kabla ya neno moja kuimeza. Bunduki ya mrao ni ile inayowashwa kwa utambi. Gumegume ni ile ya jiwe linalotoa cheche. Iliyokuja baadaye hupigwa kwa fataki. Zote zinazoshindiliwa baruti kwa mdomoni, kwa ule ufito uitwao mdeki, watu waliziita gobori au korofindo. Gobori la babu lilikuwa limepata ufa penye shingo ya tako, pale mkono unapoishikia silaha, na hapo palivikwa ngozi kama soksi. Ilikuwa ngozi mbichi, ilishonwa ikiwa imelowa, ikakauka juu ya mti na kujikaza mpaka ufa haukuonekana tena. Hapakuwa na tone la gundi. Gundi peke yake isingestahimili mshindo wa baruti na jasho la kiganja, na babu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alilijua hilo. Bunduki nyingi za zamani zilizotumika Afrika zina kiraka cha namna hiyo, na mikuki yetu mingi pia ilikazwa hivyohivyo pale chuma kinapoingia mpinini.

Mwalimu wa sayansi tuliyekuwa naye shuleni ndiye aliyenifumbulia yaliyomo. Katika ngozi mna protini iitwayo kolajeni. Ukiipika polepole inageuka jelatini, na jelatini ndiyo sherizi. Kwa hiyo ngozi ya gobori la babu na sufuria ya seremala wa Mwanjelwa ni kitu kimoja katika hali mbili: ya kwanza ni mbichi, inabana; ya pili imepikwa, inanata. Mafundi wa Asia walioshindilia pembe, mti na kano wakapata upinde mmoja mfupi wenye nguvu za kutisha, nao waliunga kwa sherizi ya ngozi au ya kibofu cha samaki. Wavuvi wa Ziwa Viktoria kibofu hicho wanakiita bondo, na mabondo ya sangara leo yanauzwa ghali hadi China, kwa ajili ya kuliwa.

Nikiwa mwalimu wa Iringa nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Mashoka ya mawe ya pale, makubwa mengine ya kukushinda kuyainua kwa mkono mmoja, hayana mpini. Yalishikwa kwa kiganja tu. Mlambalasi, mahali alipozikwa Mtwa Mkwawa, kuna pango ambamo wanaakiolojia wamepata mawe ya namna nyingine na ya zama za karibu zaidi: vijembe vidogo vya mawe, vingine havizidi ukucha. Kijembe cha namna hiyo hukitumii kwa vidole. Lazima kipachikwe kwenye mti, na cha kukipachikia ni utomvu. Utomvu umeoza, umebaki wembe wake. Sibudu, huko Afrika Kusini, mawe yalibahatika kubakiwa na alama za gundi, na watafiti wakaona kwamba watu wa miaka kama 70,000 iliyopita walikuwa wakichanganya utomvu wa mti na udongo mwekundu ili ushike vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, kabla ya jembe na kabla ya chungu, binadamu alikuwa fundi wa kunatisha.

Na ni hapohapo Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, ambapo Mkwawa, aliyeteka bunduki za Wajerumani kwa mamia kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, alijipiga risasi asikamatwe. Wanafunzi wangu daima walitaka kusikia habari ya bunduki. Mimi nilichelewa nao pangoni, nikiwaonyesha vile vijiwe, na dereva akipiga honi.

Sasa nirudi kwenye ambo. Kitenzi chake ni kuamba, si kule kusema kwa lugha ya kishairi bali kule kushika kwa kunata. Kutokana nacho tunapata kuambata, kuambatana, kiambatisho kile tunachokiweka nyuma ya ripoti, na kuambika. Na kutokana na kuambika wanasarufi wetu walipata neno ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulijua na huliogopa: kiambishi. Fikirini basi. Mwanafunzi anayekariri “kiambishi awali, kiambishi tamati” anatamka jina la gundi bila kujua. Wanaisimu wa Ulaya katika karne ya 19, akiwemo Wilhelm von Humboldt, walipotafuta jina la lugha za jamii ya Kituruki na Kiswahili walifika mahali hapohapo: walilichukua neno la Kilatini gluten, ambalo maana yake ni gundi. Sisi tukasema lugha ambishi. Watu waliokuwa mbali namna hiyo hawakuazimana tashbihi. Waliitazama kazi ileile.

Lakini ni gundi gani? Hapa ndipo yule mzee wa Mwanjelwa alipokuwa mwanaisimu kuliko sisi. Chukueni neno hawatatuunganisha: ha-wa-ta-tu-ung-an-ish-a. Vipande vinane, na kila kimoja unaweza kukichomoa kikiwa kizima, ukakiweka kingine mahali pake, na neno lisivunjike. Zipo lugha ambazo nafsi, wakati na idadi vimeyeyushwa pamoja kwenye silabi moja. Ukitaka kuvitenganisha utaharibu mti wenyewe. Kiswahili kimeungwa kwa sherizi. Fundi mwingine ana pa kuingilia, na washairi ndio wanaoingilia kila siku, wanapoinyofoa silabi ili mizani itimie na kuirudisha katika mshororo wa pili.

Kwa hiyo simkatalii kijana wa warsha kwa sababu ya chuki ya kukopa. Nusu ya orodha yangu ni mikopo. Namkatalia kwa sababu ambo limo kamusini, lina ukoo mkubwa darasani, nalo lingeweza kusimama kesho kama istilahi ya jumla ya vinatavyo vyote, kisha gundi, sherizi, ulimbo na wenzao wakabaki kila mmoja na kazi yake. Tukileta adhesivu tutakuwa na neno lisilo na ndugu hata mmoja, la kukaririwa kwa mtihani. Mimi si malenga, ila niliporudi nyumbani siku ile niliutunga ubeti huu, nami nauweka mbele yenu muukosoe:

Watega ndege ulimbo, nta hufunga mzinga,
Sherizi yaunga chombo, mpini kwenye upanga,
Kila moja ina umbo, yake kazi ya kuunga,
Gundi, wameza kitambo, majina tuliyotunga.

(Nta nimeihesabu mizani mbili, kama nchi. Asiyekubali aniandikie.)

Si yote yaliyomezwa, lakini. Miaka hii, kule Mufindi, katika msitu wa Sao Hill, misindano inagemwa. Wanakwangua gamba, wanatundika mfuko, utomvu unadondoka, kisha unapelekwa viwandani kutolewa tapentaini na vitu vingine vya kutengenezea rangi na gundi. Nilipopita huko nilimsikia kijana mmoja, hajafika miaka ishirini, akisema kwenye simu: “Leo nipo kwenye utomvu, nitakutafuta jioni.” Alilitamka kama mtu anavyotaja ofisi yake. Neno lililopata mshahara halina haja ya kutetewa na mimi.

Sherizi haina mshahara. Mzee alifariki, karakana ikawa duka la vocha, na wanawe hawakuichukua kazi. Aliniachia kijifuko cha vipande vikavu, nami nilikiweka kabatini pamoja na karatasi za mitihani, bila sababu maalumu. Mwaka huu mguu wa kiti alichoniungia zaidi ya miaka ishirini iliyopita ulilegea. Nilimwita fundi wa mtaani, kijana hodari, akaja na misumari na chupa ya gundi nyeupe. Nilimsihi asubiri. Tulichemsha maji, tukayatia kidogokidogo kwenye kiungo, akapitisha kisu, na ulimi ukatoka mzima, safi, kama ulivyoingia. Akaugeuzageuza mkononi. Nikamweleza kwamba gundi nyeupe haiwezi kushika vizuri juu ya ile ya zamani, bali sherizi mpya huiamsha ya kale zikawa moja. Kijifuko kikatoka kabatini, tukaloweka vipande vitatu usiku kucha, na kesho yake tukaipasha ndani ya sufuria mbili. Harufu ilimfanya jirani afunge dirisha.

“Mama, hii gundi inaitwaje?” kijana aliniuliza akiwa amekaza kamba.

Nikamtajia. Alilirudia mara mbili, akatoa simu, akaliandika kwa s: sherisi. Nilimwacha. Wakongwe wa kamusi nao waliliandika hivyo.